Mshono wa Nje

Mimi ni fundi. Miaka kumi na tisa kibaraza kimoja, Mwanjelwa,
cherehani ya kukanyaga, mkasi wa kurithi.
Nimeshona sare za kwaya, magauni ya kipaimara,
suruali za mchungaji anayenenepa kila Pasaka.
Mshono nauficha ndani. Ndivyo nilivyofundishwa:
nje pawe laini, jicho la mtu lisikwame.

Halafu daktari akasema presha. Akasema kimbia.

Tulikuwa wanne Jumamosi ya kwanza:
Subilaga muuza viazi, Atupele, mwalimu Tumwitike, nami,
saa kumi na mbili kasoro, mwezi wa sita,
baridi inayouma masikio kama inayadai,
Loleza kajifunika ukungu hadi kichwani, hataki kuamka.
Tukapanda barabara ya Chunya kuelekea Kawetere.
Nilidhani pumzi ndiyo itakayonishinda.
Pumzi ilivumilia.
Paja ndilo lililosema.

Lilianza kwa kunong'ona, kijoto tu,
kama mtu anayekugusa bega kwenye foleni.
Kona ya pili likapaza sauti.
Jasho likakauka likawa chumvi, chumvi ikawa msasa,
na kila hatua la kulia likamsugua mwenzake wa kushoto,
ndugu wawili na shamba moja la chai.

Sikusema. Nani husema?
Tunasema mgongo, tunasema kichwa,
hata tumbo la mwezi tunalisema tukiwa wenyewe.
Lakini mapaja!
Nikadai nimesahau ufunguo, nikageuza,
nikashuka nimetanua miguu kama bata aliyeshiba.
Jioni maji ya kuoga yakaniambia ukweli wote.
Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna nyoka.

Jumatano Subilaga alikuja kupunguziwa sketi.
Akakaa ukingoni mwa kiti, nusu tako.
Nikamtazama. Akanitazama.
"Na wewe?"
"Na mimi. Na hapa chini ya matiti, kwenye mpira wa sidiria."
Tulicheka hadi mteja wa vitenge akaondoka.

Ndipo nikaianua ile taiti, nikaipindua
kama mtu anavyopindua utumbo wa ng'ombe kuuosha,
nikapitisha kidole kwenye mshono wa katikati.
Mgumu. Umekunjwa mara nne, uzi wa nailoni,
umekaa pale pale penye kidonda.
Nani kaushona?
Mimi.

Miaka kumi na tisa nimewapendezesha wapita njia,
sijawahi kuiuliza ngozi inayoishi ndani.

Nikakata bukta ndefu, ikaribie goti,
paja lisikutane na paja bila shahidi.
Kitambaa chepesi, cha kuvutika. Si pamba;
pamba ikilowa inakung'ang'ania kama mkopo wa vikoba.
Mshono nikauhamisha usipite katikati,
nikaulaza bapa, nikautoa nje.
Mpira wa sidiria nikauvika utepe wa fulana kuukuu.
Subilaga akaleta mafuta ya parachichi kutoka kwa mama yake Tukuyu,
ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi:
"Paka kabla. Baada ni matanga."

Tukasubiri ngozi ipone. Siku kumi.
Si kitu cha kushindana nacho.

Pale Isanga kijana wa bodaboda akapayuka:
"Mama, umevaa kinyume!"
Sikusimama. Mlima ulikuwa umeanza,
na kwa mara ya kwanza nilisikia vitu vingine:
mbwa wa mtu, maji mtaroni,
viatu vya mwalimu Tumwitike vikinikaribia,
kisha sauti yake, chini, bila kunitazama:
"Hiyo ya kinyume... unashona shilingi ngapi?"

Sikuandika bango.
Wanakuja jioni, mmoja mmoja, soko likipungua,
wanasema zipu imeharibika,
wanakaa nusu kiti.
Mimi sisemi kitu.
Navuta pazia, nachukua futi.