Zamu ya Usiku

Kikombe cha kwanza kilianguka Februari.
Nikasema: sabuni.
Cha pili, nikasema: uzee.
Cha tatu kilikuwa cha mama, chenye maua ya buluu.
Nilikiokota kipande kipande kwa mkono wa kulia,
wa kushoto ukinitazama kama mtoto aliyevunja kitu
na hajui aseme nini.

Daktari wa mtaa akaugonga kwa nyundo yake ya mpira,
akaandika, akapiga muhuri:
picha ya kichwa, mashine ya sumaku, haraka.
"Haraka ni lini?" nikamuuliza.
Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Haraka ni Aprili.
Ya mwakani.

Nimefuma miaka thelathini na mmoja hapa Łódź,
mitambo mia mbili ikinguruma ukumbi mmoja,
na kwa sikio tu nilijua uzi gani umekatika.
Uzi ukikatika unasimamisha mtambo. Papo hapo.
Huuachi ukimbie hadi mwakani
ndipo uje upime kitambaa kimeharibika kiasi gani.

Kila Jumatatu nilipiga simu.
Wewe ni wa arobaini na mbili.
Kinanda.
Wewe ni wa arobaini na mbili.
Nilimenya viazi nikisubiri, simu begani,
nikamenya vya watu sita, na ninaishi peke yangu.
Bwana Zenobiusz wa ghorofa ya pili akasema
ipo kliniki ya binafsi, kesho asubuhi, ukilipa.
Nikaihesabu pensheni mara mbili, labda nimekosea.
Sikukosea.
Nikampelekea viazi.

Wanasema subira huvuta heri.
Yangu ilivuta kiti,
ikakaa nami jikoni, ikala mkate wangu,
na taa ikizimwa ikaanza: uvimbe, au mshipa?
Nikajifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja.
Nikajifunza kukataa chai kwenye nyumba za watu.

Novemba, simu ikalia yenyewe.
"Bi Bogumiła? Nafasi imepatikana.
Leo usiku, saa nane na dakika arobaini."
"Imepatikanaje?"
Msichana akanyamaza. Nikasikia karatasi ikigeuzwa.
"Kuna mtu hatakuja," akasema.

Tulikuwa saba kwenye korido, makoti yametota theluji,
tukaitikiana kwa vichwa kama zamani langoni,
zamu ya usiku ikingoja king'ora.
Kwenye orodha ya mlangoni jina lilikuwa limekatwa kwa kalamu,
mstari mmoja tu, mwembamba, bado linasomeka:
Hieronim.
Nililisoma mara ya pili. Sikujua nimshukuru
au nimwombe radhi.

Nikavua pete. Nikalala. Wakanisukuma ndani.
Na humo ndani, jamani, mlikuwa kiwandani:
gonga, gonga, ngurumo, kimya, gonga,
ukumbi mzima wa mitambo umeminywa kichwani mwangu.
Waliniambia nisitikisike.
Sikutikisika.
Nilitega sikio
nisikie uzi gani.

Majibu, wakasema, baada ya wiki sita,
labda nane, daktari wa kusoma picha ni mmoja.
Nikavaa koti.
Yule aliyenifuata alikuwa kijana, anatetemeka,
akaniuliza kama inauma.
"Haiumi," nikamwambia. "Ina kelele tu."
Nikamshikia kofia yake
kwa mkono wa kushoto,
na haikuanguka.