Msomaji wa Godauni

Tumbaku ya Sikonge ikifika Tabora hupangwa kwa macho:
ya rangi ya limau huku, ya chungwa kule,
na iliyoungua, kama sisi, chini ya meza.
Wanawake thelathini na mmoja, mabenchi manne,
vumbi linaloingia hadi ndotoni.
Mmoja wetu hapangi. Anasoma.

Nyanzala binti Mlekwa, mwenye miwani ya waya,
alimaliza la saba pale Isevya, ada ikaishia hapo.
Jioni kila mmoja wetu humtolea fungu moja
ili hesabu yake ilingane na zetu,
msimamizi asijue nani ameshinda akifanya kazi kwa ulimi.

Kitabu hakina jalada. Kina mhuri wa chama cha watu wa reli,
chama ambacho siku hizi hakina hata mlango.
Kinamhusu Mjerumani mmoja, Traugott Lehnick.
Mwashi aliguna: "Mjerumani?
Boma lao lile pale, kaliulize lilijengwa kwa mgongo wa nani."
Nyanzala akalamba kidole, akafungua.

Kumbe naye alikuwa mtu wa tumbaku.
Miaka tisa, chini ya meza ya mama yake,
ananyofoa uti wa jani, mkate mkavu mfukoni.
Miaka kumi na minne, anasokota biri.
Na katika karakana yao palikuwa na desturi:
mmoja anasoma, wengine wanasokota,
jioni kila mmoja anamtolea msomaji biri tatu.

Hapo mikono yote ilisimama.
Hata ya Mbuke, ambaye hasikii vizuri.
"Rudia," tukasema.
Akarudia.

Alichokiunda tulikijua kabla kitabu hakijakitaja:
chama cha kufa na kuzikana. Senti ndani ya kopo.
Mjane akapata jeneza, mgonjwa akapata mkaa.
Kisha kopo likajifunza kuuliza:
mbona tunachangia kuzikana tu, kuishi hatuchangii?
Mgomo, wiki kumi na moja. Walikula viazi vilivyoota.
Jela, mara mbili.
Sheria ikapiga marufuku hata kwaya yao;
bendera ikashonewa ndani ya mto wa mtoto,
na mtoto akaulalia, hajui anaota juu ya nini.
Akapewa siku mbili za kuhama mji.
Mkewe, Ottilie, hakumsindikiza kituoni,
alikuwa akifua nguo za watu.
Kitabu kimempa mistari minne tu.
Nyanzala huisoma polepole, ifike minane.

Ukurasa wa mwisho haupo.
Kashindye mlinzi aliuchana usiku mmoja wa mvua,
akasokotea tumbaku, akavuta.
Mwisho wa Lehnick ukapanda hadi kwenye bati, ukapotelea tunduni.
Alizeeka na wajukuu? Alivuka bahari?
Kila benchi lina mwisho wake.
Benchi letu linasema alikohoa.

Na ni Mwashi, yule aliyeguna,
aliyemwandikia kwa mkaa ukutani, nyuma ya choo:

*Leniki hukuzaliwa, Kitete wala Gongoni,*
*Jani ulilochambuwa, vumbile li mapafuni,*
*Kopo lako twalijuwa, nasi tunalo chumbani,*
*Ukurasa umeliwa, mwisho tuuweke nini?*

Jumatatu Bwana Kapufi alisimama mlangoni.
"Kuanzia leo hakuna kusoma. Mnapunguza kilo."
Kilo zilikuwa zimepanda. Anazo kwenye daftari, kwa mwandiko wake.
Nyanzala akavua miwani, akakaa.
Tukamsogezea fungu. Vidole vyake
havikujua limau wala chungwa.

Kimya. Majani tu, na kikohozi kimoja kimoja.

Kisha Mbuke, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:
"Miaka nane, chini ya meza ya mama yake..."
"Tisa," benchi la dirishani likasahihisha.
"Tisa. Mkate mbichi mfukoni..."
"Mkavu!" tukasema wote.

Kapufi akakitafuta kitabu mikononi mwetu.
Mikono yote ilikuwa kwenye majani.