Kichupa cha Pili

Saa tatu na dakika ishirini usiku.
Naandika saa kabla ya jina:
jina halihami, saa inahama.
Mhina kaja mbio na kichupa, kifuniko cha manjano,
mkono wa pili unanuka spiriti.
"Wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Midomo kama andazi, koo linafunga, presha haisomeki.
Tumeshamchoma paja."
Vizuri. Adrenalini hainisubiri mie,
na siku itakaponisubiri nifukuzeni kazi.

Kazi yangu ni ya baadaye:
kuiacha damu igande,
kuizungusha mpaka maji yake yajitenge,
rangi ya mafuta ya alizeti,
na humo kutafutwe kile ambacho seli humwaga
zikipasuka kwa hofu ya bure.
Triptase.
Mgeni wa Tanga hasa: waja leo, waondoka leo.
Ukichelewa kumpokea
utakuta kikombe kitupu
na majirani wakibishana kama alifika.

Nje, benchi lilishageuka mahakama.
Mwanatumu kaanguka harusini, kisheti mkononi,
na visheti kapika Chausiku, mke mwenzie.
Hapo nani anataka hakimu?
Wifi mtu kajifunga kanga kiunoni:
"Sumu. Nipimieni sumu!"
Chausiku kaketi mwisho wa benchi peke yake,
unga ungali kwenye kucha,
hajibu, hajitetei,
anahesabu vigae vya sakafu.

Damu ilipanda basi la alfajiri kwenda Dar
ndani ya boksi la barafu, kama samaki.
Jibu likaja kwa simu: tisa nukta tatu.
Na fomu inasema, chini ya kumi na moja ni kawaida.

Kawaida!
Neno lilishuka ngazi kabla yangu.
Nilipofika chini wifi alishalishika kama panga:
"Si mzio basi. Mmesema wenyewe."

Kawaida ya nani?
Usiku wa pili nilikuwa nimechukua kichupa kingine,
saa ishirini na nne kamili baada ya kile cha kwanza.
Mwanatumu kakaa kitandani anakunywa uji,
ananiuliza, mbona tena, mwanangu, si nimepona?
Ndiyo maana, mama.
Nataka damu yako ikiwa haina habari.

Tatu nukta tano.
Nikapiga hesabu nyuma ya boksi la glavu:
zidisha kwa moja nukta mbili, nne nukta mbili,
jumlisha mbili,
sita nukta mbili.
Huo ndio ukuta wake, wala si wa fomu.
Na tisa iliuruka.
Kisima kifupi, ndoo tatu ni gharika.

Nisijisifu. Triptase husema nyumba iliungua,
haisemi nani kawasha kiberiti.
Na mara nyingine, kwa chakula,
nyumba huungua nayo isiseme kitu.
Kiberiti tulikitafuta wiki sita baadaye,
kichupa cha tatu, askari wa damu mmoja mmoja
wakiulizwa: kamba? karanga? ufuta? yai?
Wote kimya.
Korosho: wakasimama.

Chausiku alisaga korosho usiku ule
akazichanganya kwenye unga,
kilo nzima, za bei,
kwa sababu mwenzie ndiye aliyekuwa anaoza bintiye
na alitaka aibu isimfike.

Wifi alisema mashine za Dar nazo hununulika.
Akaondoka.
Mwanatumu alilia kidogo, akadai nauli yake.
Chausiku aliniomba karatasi na kalamu nene,
nimwandikie neno moja tu, herufi kubwa,
KOROSHO,
akalikunja akalitia kwenye pindo la kanga.

Nasikia kalibandika ukutani juu ya meko.
Nasikia pia Mwanatumu bado hali chakula chake.
Hilo sina kichupa chake.