Kura za Fidea, Kurasa Kumi na Tisa

Zimefika Jumanne, ndani ya boksi la salfa,
kurasa kumi na tisa, pini moja, kona imekunjika.
Mpwa wangu Chinduli anasoma uhasibu Arusha;
chama kilimwomba, akaenda, akachapisha.
Nimezikung'uta unga wa njano, nikavaa miwani.

Mimi ni karani wa mizani, ghala la Mnyambe.
Kitabu changu kina safu tatu:
daraja la kwanza, la pili, zilizokataliwa.
Na wewe, Fidea, umechorewa tatu:
ndiyo, hapana, hakuwepo.
Nikajisemea, lugha hii naijua.

Usiseme tulikutuma. Hatukukutuma.
Waliokupigia kura walikaa Dodoma, kwenye viti vinavyozunguka;
sisi tulisikia redioni, siku ya mnada,
tukashangilia huku tumekalia magunia.
Ulipokuja kuaga ulisema, "Nakwenda na Newala nzima,"
na mimi, mpimaji, nikauliza moyoni: kilo ngapi?

Ukurasa wa tatu. Mitumba ipigwe marufuku: ndiyo.
Nilimsomea Somoe Nambunga pale stendi, robota limefunguliwa nusu.
Akauliza, "Amesema tuvae nini?"
Nikageuza karatasi. Nyuma ilikuwa tupu.

Ukurasa wa nane. Kiswahili kiwe lugha ya Bunge.
Ndiyo! Na hotuba, dakika kumi na moja.
Chini, kwa herufi za sisimizi: ilitolewa kwa Kiingereza.
Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Wa kumi na mbili ni mipaka. Namanga, Mutukula, Sirari,
yote ya kaskazini, yote ina wino.
Wetu ni Ruvuma. Ng'ambo kuna shangazi zangu,
kuna kaburi la babu na shamba la mihogo,
na ng'ambo hiyo haimo katika Jumuiya yenu.
Naona uliuliza: "Na jirani asiye mwanachama?"
Spika akajibu: swali limepokelewa.
Hata hapa korosho hupokelewa, Fidea.
Malipo ni habari nyingine.

Ukurasa wa kumi na nne nimeusoma nimesimama.
Korosho ghafi zitoke bila ushuru, zikabanguliwe kwa watu.
Ndiyo, arobaini na tatu.
Hapana, moja.
Hakuna hotuba. Hapana kavu,
kama korosho moja iliyosalia kwenye debe, inagongagonga.
Mshale wa mizani hautikisiki kwa korosho moja;
miaka ishirini na miwili nauangalia mshale ule.
Lakini niliwaita wapakiaji, nikawasomea mara mbili,
na Mchopa, asiyesifu mtu, akasema, "Huyo wa kwetu."

Wa kumi na sita: hakuwepo, hakuwepo, hakuwepo.
Siku tatu za Agosti. Nikachukua kalamu nyekundu.
Kisha nikahesabu kwa vidole: Agosti ile
tulimzika mama yako, Kitangari.
Ulipanga foleni ya maji kama yeyote,
ndoo shilingi mia tano, kanga imelowa begani,
na mtu wa nyuma yako hakujua wewe ni nani.
Nikaifunika kalamu. Karatasi haijui matanga.

Ningeishia hapo. Ningekuandikia barua ya heri.

Ila kuna wa kumi na nane. Novemba. Muswada wa vipimo:
kila anayenunua mazao ya mkulima
apime kwa mizani iliyokaguliwa.
Umeanguka kwa kura moja.
Fidea Namkulya: hakuwepo.
Novemba hiyo hukuwa na msiba. Nimeuliza Kitangari,
nimeuliza Ndanda kwa dada yako, nimempigia hadi Chinduli.

Jana watu wa kangomba wamepita na vikopo vyao,
wananunua korosho zingali maua mtini.
Mjane wa Liundi amewauzia. Ana mtoto wa kulipiwa mtihani.
Kikopo kina tundu chini; nililiona, wao wakaona nimeliona.

Ukija likizo, pitia ghalani.
Sitaita ngoma, sitaita wazee wa chama.
Kutakuwa na kiti, chai ya tangawizi,
na zile kurasa juu ya mizani.
Ya kumi na nne nimeibandika ukutani.
Ya kumi na nane nimeiacha juu.