Walio Malishoni

Kompyuta mpya ilifika Arua kwa basi la usiku,
imevuka Karuma ikiwa imeviringishwa blanketi la mtoto,
na utingo akadai elfu tano zaidi
kwa sababu, alisema, alilala ameipakata.
Nikampa. Nani angebishana na mtu kama huyo?

Ile kuukuu haina herufi N.
Miaka miwili nimekuwa nikikichokoa kidonda chake
kwa ncha ya kalamu,
kila niandikapo nta, ndoo, nyuki,
hata jina langu mwenyewe, Candiru.
Bawaba moja imeachia; naiegemeza kwenye debe la asali.
Lakini humo ndimo kilimokaa chama chetu chote:
mizinga mia mbili na kumi na minne,
nani kaleta kilo ngapi, nani anadaiwa glavu,
nani kafariki, na nyuki wake wako kwa nani.

Kijana wa dukani Kampala alisema kwa simu: rahisi, dada.
Ingia kwa jina lako, tia nywila,
kila kitu kiko winguni, kitashuka chenyewe.
Nikaingia. Vikashuka.
Nikapiga kigelegele peke yangu ofisini.
Kisha nikabofya daftari la mwaka jana,
likakataa kufunguka.
Kumbe yalishuka majina tu,
kila jina na kiwingu kidogo ubavuni,
kama mizinga iliyotundikwa juzi:
imepakwa nta mlangoni, ndani hamna kitu.

Haidhuru, nikasema, yatajaa.
Ile kuukuu nilikwisha kuiahidi shule ya mpwa wangu,
kidole kilikuwa tayari kuisafisha.

Hapo akaingia Mzee Draleti kuulizia kilo zake arobaini.
Hajui kompyuta. Anajua kuhamisha.
Alizitazama mashine mbili zinavyokodoleana mezani,
akavua kofia.
"Unahamisha mchana?"
Ndiyo, mchana. Kwani?
"Na walio malishoni?"

Ukiuondoa mzinga saa sita ya mchana, alisema,
walio nje watarudi jioni na mizigo yao
mahali palepale,
wataizunguka hewa yenye umbo la nyumba
mpaka baridi iwashushe chini.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.
Nikaifungua tena ile kuukuu,
nikashuka polepole hadi mkiani mwa orodha,
nisikofika tangu zile mvua za Agosti
umeme ulipokatika siku tisa.
Na pale, bila tiki ya kijani,
vimishale viwili vikifukuzana kwenye duara,
faili kumi na saba ambazo hazijawahi kufika winguni.
Mojawapo, kilo arobaini za Draleti.
Nyingine, sauti ya Ezaru, mweka hazina kabla yangu,
akisoma hesabu kwenye mkutano wake wa mwisho:
anakohoa, anaomba maji, anaendelea na senti.

"Zipo?" akauliza mzee.
Zipo, nikamjibu. Ziko njiani.

Nilingoja saa tano ya usiku, bando linapokuwa nafuu.
Mbwa wa Mvara walibweka wakachoka.
Moja ikaingia. Nne. Tisa.
Kilo arobaini zikapata tiki yake saa saba kasoro.
Sauti ya Ezaru ilikwama asilimia themanini na tatu,
ikakaa hapo muda wa chai mbili,
nami nikakaa nayo, mkono juu ya chaja
kama ninayepima homa.
Ilipotua, sikuisikiliza. Nilitaka tu kujua imelala wapi.

Asubuhi nikakaa mbele ya mpya,
niandike neno la kwanza: nta.
Kidole, kwa mazoea ya kidonda,
kikabonyeza kwa nguvu zote kikasahau kuondoka,
na skrini nzima ikajaa
nnnnnnnnnnnnnnnnnnnn
nnnnnnnnnnnnnn
nnnn