Vali ya Tano

Zihindula hakuwahi kuchelewa,
ndiyo maana siku aliyochelewa tulicheka.
Cirhuza akasema mzee amepata mchumba Nguba.
Mimi nikasema usingizi umemdai
deni la miaka ishirini na mitatu.
Saa kumi na mbili ikapita. Na nusu.
Msumari wa funguo ukutani ulikuwa mtupu,
na sisi bado meno nje.

Kisha Nabintu akapanda na birika lake la chai,
kitenge kimelowa hadi magotini:
"Huko Muhungu maji yamekesha.
Mapipa yamefurika, watu wanafua hadi mapazia,
wanamshukuru Mungu."

Hapo tukanyamaza.
Maana saa nane za usiku, mvua inyeshe, risasi zilie,
Muhungu hufungwa na Kadutu hufunguliwa.
Hilo tulilijua kama tunavyojua
kwamba ziwa liko chini.

Tulimkuta ndani ya shimo la vali ya Muhungu,
ameketi, mgongo ukutani,
tochi mapajani, mwanga wake wa njano unakata roho,
yeye kama mtu anayepumzika kidogo
kabla ya kumalizia.
Daktari alisema moyo. Akafunga mkoba.
Moyo!
Na sisi miaka yote tukiiogopea pampu.

Asubuhi hiyo Kadutu iliamka midomo mikavu.
Wanawake wamepanga mabidoni toka bombani hadi sokoni,
wanamlaani yule mtu wa maji:
mlevi, mvivu, ameuza zamu yetu kwa matajiri.
Tulipita katikati yao tukimbeba katika blanketi.
Walitupisha. Mmoja alivua kilemba.
Kisha wakaendelea kulaani,
nami sikuwa na ulimi wa kuwaambia
ni huyu.

Kwenye matanga shefu alisoma karatasi:
mtumishi mwema, mtiifu, mchapakazi.
Karatasi ya kumzika mtu yeyote.
Hakusoma kwamba mishahara ya miezi minne
ilikuwa bado njiani
na Zihindula alikuwa kazini.
Hakusoma jinsi alivyochovya kwenye sombe yangu bila kuomba,
wala jinsi alivyoyatukana mabomba kwa Mashi
kisha akayaomba radhi kwa Kiswahili.

Mfukoni nilikuwa na franka zake elfu tano,
za kushonea viatu vya mwanangu.
Nilikuwa nimemwambia Ijumaa. Alikufa Jumanne.
Nilimpa mjane, akazihesabu mara mbili,
akaniuliza:
"Alikula, usiku ule?"
Haki ya Mungu, sikujua.
Miaka kumi na mmoja bega kwa bega
na sikujua.

Sasa funguo ninazo mimi, na daftari lake,
kona zimeliwa na unyevu, mwandiko umeinamia kushoto
kama mtu anayepanda mlima na mzigo:
*Nyawera, mizunguko kumi na minne, usikaze sana.*
*Muhungu, sikiliza kwanza.*
*Panzi, mbwa wa jirani haumi, ana kelele tu.*
*Vali ya tano ni mwongo.*
*Itakuambia imefunga na maji bado yanapita.*
*Weka mkono. Usiamini jicho.*

Usiku wa leo ninaweka mkono.
Kitambaa chake bado kimefungwa kwenye gurudumu,
kimekakamaa kwa grisi, sijathubutu kukifungua.
Chuma ni baridi, na ndani yake
kuna kitu kinapita, kidogo, kidogo,
kinateremka kuelekea Nguba.
Ninakaza nusu mzunguko.
Kinapita.
Ninakaza tena.

Saa nane na dakika kumi, mzee.
Kadutu bado haijapata kitu.
Nimechelewa. Cheka.