Kikombe Kitupu

Oulu, Februari. Theluji imepanda hadi dirishani,
na mwanangu Eelis, miaka sita, amekiinamia kikombe cha plastiki.
"Hamna kitu," anasema.
Kweli, hamna.

Marjukka anaunywa ule utupu,
anaruka, anaupepea ulimi: umeungua!
Eelis anamtazama kama mtu anayemtazama mwongo.
Nyumbani alipanga magari yake kwa rangi, kimya.

Jumanne ya pili, hamna kitu. Ya tano, hamna kitu.
Ya tisa nilibaki garini, nimechoka kutumaini.

Leo yupo mtoto mwingine, Tuisku,
hataki kuvuliwa kofia yake ya sufu.
Amejificha chini ya meza ya mkahawa wao wa maboksi
na hatoki.
Nyuma ya kioo nahesabu pumzi zangu.

Eelis anamimina. Birika halina hata tone.
Anapiga magoti, ananyoosha mkono kwenye kigiza cha meza,
halafu anaurudisha, kama aliyesahau jambo,
anakipuliza kikombe:
fuu, fuu,
fuu.

"Ngoja," anamwambia. "Bado ya moto."